Picha Aliyoiona Mama

Siku aliyobadilisha simu, msusi hakukubali kutoka dukani mpaka aipime kamera. Ile ya zamani ilikuwa imemtia aibu ya kutosha. Kila msuko alioupiga picha ulitoka kama kamba iliyoloa, na wateja wa mtandaoni walishaanza kumwuliza kama anasukia gizani. Akazipiga picha kucha zake. Akapiga pindo la gauni lake la njano. Hakuridhika.

"Jaribu kuvuta mbali, dada," muuzaji akamshauri. "Hapo ndipo utaijua."

Akaielekeza simu ng'ambo ya ukumbi wa maduka, kwenye umati uliokuwa ukinung'unika mbele ya lifti iliyokwama. Juu ya ngazi alisimama mwanamume wa ovaroli ya buluu, mikono imezama kwenye mitambo juu ya mlango wa lifti. Msusi akamvuta karibu. Akaona jasho shingoni, skrubu aliyoibana kwa midomo, na baka jekundu lililokolea, alama ya kuzaliwa, lililoanzia chini ya jicho la kushoto likateremka hadi kwenye taya. Kabla hajabonyeza, yule fundi akageuka, akatazama moja kwa moja ndani ya kamera.

Msusi akaishusha simu kama mtu aliyefumwa mkono wake uko ndani ya sufuria ya wenyewe.

Lifti ilipopona na umati kupungua, fundi akaja akijifuta mikono.

"Nimetoka vizuri?"

"Sikupiga."

"Basi kamera yako haina faida. Mtu mzima nimesimama mahali pamoja, na bado umenikosa."

"Ulisimama wapi? Ulikuwa ukiyumbayumba kule juu kama shati kwenye kamba."

Fundi akacheka, na baka likacheka naye. "Piga sasa. Ukiona ukungu, mrudishie bwana huyu simu yake."

Akapiga. Hapakuwa na ukungu hata chembe. Ili amtumie ile picha ilibidi apewe namba, na namba ikishatolewa, mengine hujifungulia mlango yenyewe.

Wakawa watu wa kupigiana simu asubuhi na mchana. "Mtaalamu wa kamera, umeamka?" "Nimeamka, mpanda na mshuka. Leo umekwama ghorofa ya ngapi?" Msusi hakuwa mtu wa kutulia tangu utotoni, vidole vyake visipokuwa kichwani mwa mtu, vilitafuta cha kuchokonoa. Sasa alizidi. Alisuka huku jicho liko kwenye simu, na simu ikinyamaza, aliiinua kuhakikisha haijafa.

Mama yake aliliona hilo. "Huyo anayekukosesha raha nami nimwone. Nitumie picha."

Hapo msusi akapata kazi. Mama yake alikuwa mtu wa kuchagua. Sokoni aligeuza nyanya moja moja mpaka wauzaji wakajifanya hawamwoni. Jioni ile, wateja walipokwisha, msusi akakaa kwenye kiti cha saluni akaifungua picha ya kwanza ya fundi. Akagundua kwamba simu ina mahali pa kulainisha sura, na kwamba imeshalainisha kidogo bila kuulizwa. Baka lilikuwa limepauka. Angeweza kulirudisha lilivyokuwa. Badala yake akasogeza kidole upande wa pili, eti anajaribu. Baka likawa kivuli. Akasogeza mpaka mwisho. Uso ukabaki laini kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Kumbe inafanya kazi," akajiambia, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa swali. Akaituma.

"Kijana mtanashati," mama akajibu. "Mlete Jumapili."

Fundi alikuja na shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, viatu vinang'aa, mfuko wa matunda mkononi. Mama akafungua mlango, akamsalimu, kisha akachungulia nyuma yake kwenye ngazi.

"Karibu, mwanangu. Na mwenzako yuko wapi?"

"Niko peke yangu, mama."

"Wewe ndiye wa kwenye picha?"

"Picha ipi, mama?"

Mama, ambaye hakuwa na habari ya lolote, akamwonyesha simu yake. Fundi akaitazama kwa muda mrefu. Msusi, aliyekuwa amesimama na vikombe, hakujua avitue wapi.

"Simu nzuri," fundi akasema taratibu. "Inafanya kazi safi."

Alikunywa chai yake akaimaliza. Alijibu kila alichoulizwa. Akamshukuru mama kwa mikono miwili, akaaga. Msusi akamkimbilia kwenye ngazi.

"Nijibu moja tu," fundi akasema. "Ni simu, au ni wewe?"

"Simu za siku hizi, mpenzi... zinajirembea zenyewe."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei asiyoitaka, akashuka.

Baada ya hapo simu ikawa jiwe. Msusi alipiga, haikupokelewa. Saluni alikaza nywele za watu mpaka mteja mmoja akauliza, "Dada, unanisuka au unaning'oa?" Siku fundi alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na ofisi.

"Una hasira na mimi?"

"Sina. Nimezoea. Watoto hunyoosha kidole, watu wazima hutazama viatu vyangu. Wewe ulinitazama usoni, nikadhani nimepata mtu."

Fundi akaaga, akakata simu.

Alimweleza mama yake, akitegemea kuliwazwa. Mama akaweka kisu chini.

"Yaani nilimtafuta mgeni wangu nyuma ya mgongo wake mwenyewe, kwa sababu yako. Nyanya nazigeuza kwa sababu nazila. Wewe ulinidhania mimi mama wa namna gani?"

Kesho yake msusi hakumaliza hata kuvaa viatu vizuri. Aliwaachia wenzake wateja, akaenda kwenye jengo la ofisi alikoelekezwa kwamba fundi anatengeneza lifti. Lifti ilikuwa imezimwa, kwa hiyo akapanda ngazi zote hadi chumba cha mashine, chini ya paa. Mlikuwa na joto na harufu ya grisi. Fundi alikuwa amepiga magoti, spana mkononi.

"Haikuwa simu," akasema kabla pumzi haijamrudia. "Simu ilianza, mimi nikamalizia. Nilimwogopa mama, nikakuonea haya wewe. Sasa najionea haya mwenyewe."

Fundi akakaza nati moja, kisha nyingine. "Ningeweza kuamini kwamba ni simu. Nilikaribia."

"Ndiyo maana nimekuja."

Fundi akasema akiitazama mashine. "Utachoka. Kutazamwa hakuishi. Tukitembea, watatazama. Ukizaa, watakuja kumkagua mtoto. Siku ya harusi mpiga picha ataniomba kwa upole nigeukie kushoto."

"Harusi ipi?"

Spana ikasimama. "Nilikuwa natoa mfano."

"Mfano una mpiga picha kabisa. Basi mwambie huyo wa mfano ageukie kushoto yeye mwenyewe."

Fundi hakucheka, ila bega lake moja lilitikisika. Simu ya msusi ikaita. Alikuwa mama.

"Umempata? Mpe simu."

Fundi akajifuta mkono kwenye ovaroli, akaipokea. "Ndiyo, mama... Hapana, mama, chai ilikuwa nzuri... Sijakasirika na wewe... Haya, mama." Akamrudishia.

"Anasemaje?"

"Anasema siku ile hakuniona, alikuwa anamtafuta mtu mwingine. Nirudi anitazame vizuri." Akainuka, akamtazama msusi usoni. "Nimemwambia nitakuja Jumapili, na safari hii sifuati chai."

"Unafuata nini?"

"Jumapili utasikia."

Msusi akakaa juu ya sanduku la vifaa. Akasimama. Akakaa tena. Ilikuwa Jumatatu.