Roza Aliuliza Tena

Walimkuta Roza asubuhi kapiga magoti kwenye jaruba la mpunga, huko Usangu. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni, bomba la kupulizia dawa bado liko mgongoni, na simu yake iko tutani.

Daktari alisema ni sumu. Kijiji, kisichojua kungoja, kikasema ni mumewe, Nkuba, mfugaji wa Kisukuma. Juzi tu si walifokeana? Wakaiuliza na programu ya simu, ile inayowajibu wakulima kwa sauti. Ikasema dawa hiyo ya mpunga ni salama, ila ugomvi na wafugaji huleta vifo. Basi, Nkuba akatiwa mahabusu Mbeya.

Sajini Damari, mama wa Ilomba asiyependa kuharakishwa, alifungua maongezi yaliyorekodiwa kwenye simu ya marehemu. Roza alikuwa anakohoa.

"Dawa hii inaweza kunidhuru?"

"Samahani, sina taarifa."

Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. Damari akaizima.

Alipofika mahabusu, Nkuba alisema, "Mama, ng'ombe wamekunywa maji?"

"Mkeo kafa, unaniuliza ng'ombe?"

"Kwetu tunaanza na ng'ombe. Wakiwa wazima, ndipo unauliza watu." Akainamisha kichwa. "Kwa Roza naogopa kufika."

Damari akampa simu ya Roza, programu ikiwa wazi. "Iulize hiyo dawa. Anza na ng'ombe."

"Ng'ombe wangu akiivuta dawa hii?"

Programu haikusita. "Atatoka povu, atapiga magoti, atakufa."

Kesho yake Damari alikuwa Iringa, ofisini kwa Aroni, muuza dawa na mwenye programu.

"Mashine hukosea, Afande."

"Ijue ya ng'ombe, isijue ya watu? Uliifunga mdomo kwa maswali ya watu. Hujafuga wewe, Aroni. Ng'ombe hukumkumbuka."

Aroni alijifuta jasho. "Ghala limejaa. Ningesema kweli, nani angenunua? Na mtu akifa, nilijua atalaumiwa mfugaji. Huwa wanalaumiwa."

Damari alipiga simu Mbeya Nkuba aachiwe. Kisha akaiweka simu ya Roza mezani, akayawasha yale maongezi.

"Dawa hii inaweza kunidhuru?"

"Mjibu," Damari alisema.

Aroni aliiinamia simu. "Inaua, mama. Iache."

"Samahani, sina taarifa," simu ilisema.

Roza akakohoa, akauliza tena.