Mkono wa Kulia wa Anyelo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya miwa, mjukuu wangu Anyelo huenda bombani na kurudi na ndoo mbili za maji, moja kila mkono. Kisha hupiga mswaki mlangoni huku mimi nikiponda ndizi zetu za kuchemsha. Tuko wawili tu. Mama yake yuko Hispania, anafanya kazi za ndani. Bibi yake, Mireya wangu, alifariki miaka sita iliyopita akiwa bado kwenye foleni, akimsubiri daktari ambaye wakubwa walituahidi tangu uchaguzi wa kabla ya ule uliopita. Hayo niyaache, maana nikianza sinyamazi.

Jumatatu moja Anyelo alileta ndoo moja tu, akarudi kuchukua ya pili. Zote alizibeba kwa mkono wa kushoto. Sikujali. Jumanne nikamwona anapiga mswaki kwa kushoto. Jumatano kijiko nacho kilikuwa kushoto, na ndizi zilikuwa zinamwangukia kwenye shati la shule.

Rafiki yake Nelfi, ambaye ndiye mdakaji wa mipira yake ya besiboli, alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri.

"We mashoto!" Nelfi akacheka. "Umezaliwa upya lini? Jumamosi utarusha kwa mguu?"

"Hebu nyamaza, bwege wewe," Anyelo akajibu. "Nafanya mazoezi. Mrushaji lazima awe na nguvu pande zote."

Jibu lenyewe lilitoka haraka mno, kama kitu kilichopangwa. Alipopita mbele yangu kuchukua mkoba, nikasikia harufu. Alikuwa amejimwagia manukato ya mtoto mchanga, lakini chini ya manukato kulikuwa na dawa ya kuchulia farasi. Warushaji wote wa mji wetu huu wa San Pedro de Macorís huijua harufu hiyo. Mpira ukikuumiza, unajipaka hiyo kimyakimya, unavaa shati la mikono mirefu, unaenda uwanjani.

Mimi nilirusha besiboli ya kulipwa miaka mitano. Nilisaini nikiwa na miaka kumi na saba, wakanipeleka kwenye mji mmoja wa baridi huko Montana, kaskazini ya mbali, na nikarudi nyumbani na kiwiko kilichokatika kano. Mtaa mzima unakijua kisa hicho, kwa sababu nimekisimulia mara elfu kwenye meza ya domino nje ya duka la Fello. "Nilirusha hata siku nilizoumwa," husema kila mara, "na Eligio huyu mnayemwona hakulalamika hata mara moja. Wale makocha hawakuniuliza hata kama naumwa. Walinikamua kama mua, wakatupa makapi."

Alhamisi sikungoja aondoke. "Nyoosha mkono," nikamwambia.

Alinyoosha wa kushoto.

"Usinichezee, Anyelo. Wa kulia."

Haukunyooka. Ulifika katikati, ukagoma, na midomo yake ikawa myeupe.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu, Babu."

"Mwalimu Bienvenido anajua?" nikauliza. Huyo ndiye kocha wake.

"Akijua, Jumamosi atamweka Robinsin arushe badala yangu."

"Na mimi je? Kwa nini hukuniambia mimi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Si wewe mwenyewe, Babu? Kila siku pale kwenye domino. Eligio hakulalamika hata mara moja."

Jumamosi hiyo mtafuta vipaji wa timu kubwa ya kaskazini alikuwa anakuja kwenye uwanja wa Mwalimu Bienvenido. Anyelo alikuwa na miaka kumi na tatu na mpira wake ulikwenda maili themanini na mbili kwa saa. Timu husaini vijana wa miaka kumi na sita, kwa fedha nyingi, lakini majina huanza kuandikwa mapema. Jina lake likiandikwa, huenda mama yake akarudi nyumbani.

"Ni mipira ishirini tu, Babu," akasema. "Wakishanichagua nitapumzika. Usimwambie mtu."

Nami, nisiwafiche, nilinyamaza. Siku mbili nilinyamaza. Kila alipogeuka nilikuwa natazama kile kiwiko.

Jumamosi saa tatu asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Mtafuta vipaji alikaa nyuma ya wavu akiwa na daftari na kipima mwendo. Mwalimu Bienvenido alikuwa anatembea huku na huku, shati limemlowa jasho.

"Anyelo! Mkono mzima, si ndiyo?"

"Mzima, Mwalimu."

Akapanda kwenye kichuguu cha mrushaji. Mpira wa kwanza ukalia kwenye glavu ya Nelfi. Themanini na mbili. Wa pili, themanini na moja. Wa sita, sabini na nane. Akajifuta jasho kwa mkono wa kushoto.

"Ongeza moto, mwanangu!" Mwalimu akapiga kelele. "Umelala?"

Kwenye mpira wa saba nikakiona nilichokuwa nakiogopa. Kiwiko kilishuka chini ya bega. Changu kilianza kushuka hivyo hivyo jioni ile kule Montana, na mipira mitatu baadaye nikasikia kitu kimekatika ndani ya mkono wangu. Sijui niliuvuka vipi ule mstari wa chokaa.

"Mzee Eligio, toka uwanjani!" Mwalimu akafoka. "Unatuaibisha mbele ya mgeni!"

Sikusimama mpaka nilipofika kwa Anyelo.

"Babu, rudi," akanong'ona. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Imebaki kidogo."

"Nina neno moja tu. Yule kocha aliniuliza."

"Kocha gani?"

"Wa kule kwenye baridi. Aliniuliza mara tatu kama mkono unauma, na mkalimani alikuwepo. Mara tatu nikasema hapana. Nilimdanganya yeye, halafu miaka thelathini na nane nimewadanganya ninyi wote."

Wakati huo Mwalimu Bienvenido alikuwa ameshafika, anahema.

"Kuna nini hapa? Mkono unauma au hauumi?"

Mtoto aliutazama mpira. Kisha akamkabidhi Mwalimu, kwa mkono wa kushoto.

"Unauma, Mwalimu. Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu! Unajua huyu bwana nimembembeleza tangu lini?" Akaitupa kofia yake chini. "Robinsin! Njoo upashe misuli!"

Mtafuta vipaji alikuja mwenyewe, akakishika kile kiwiko, akabonyeza kwa kidole gumba. Anyelo akaruka kwa maumivu. Yule bwana akafunga daftari. "Mpelekeni kwa daktari leo, si kesho," akasema. "Akipona, nitataka kumwona tena." Sikumwamini. Maneno matamu ya watu wa daftari nayajua.

Daktari alituonyesha picha ya mfupa. Mifupa ya mtoto bado inakua, akasema, na kano zilikuwa zimeanza kubandua kipande kidogo cha mfupa pale kwenye kiwiko. Mipira michache zaidi yenye nguvu, na ingekuwa upasuaji. Miezi minne bila kurusha hata jiwe.

Ilikuwa miezi mirefu. Jina la Robinsin liliandikwa, na Anyelo alilia kwa hilo. Wenzake walimwambia amekwisha. Mwalimu Bienvenido hakutusalimia mwezi mzima. Halafu siku moja nikaona ubao umetundikwa uwanjani, na kwenye ubao huo kila mtoto anaandikiwa idadi ya mipira aliyorusha, na akifika mwisho wake anakaa. Hakuniambia chochote, nami sikumuuliza.

Mwezi wa sita tangu siku ile, yule mtafuta vipaji alirudi. Inaniuma kukiri, lakini alirudi, na safari hii jina la Anyelo aliliandika.

Jioni hiyo, mbele ya duka la Fello, nilikisimulia upya kisa changu mbele ya watu wote, na mara hii hata yale maswali matatu ya kocha nikayaweka. Watu waliacha kucheza domino. Kisha nikamgeukia mjukuu wangu.

"Wakubwa wana makosa yao, na mimi siwafutii hata moja," nikamwambia. "Lakini hakuna mkubwa anayeweza kuona ndani ya kiwiko chako. Maumivu ni yako, na ni wewe wa kuyasema. Kuyaficha si ushujaa. Mimi niliyaficha, na yamenila mkono na kazi pia."

Asubuhi iliyofuata Anyelo alileta ndoo mbili kwa mpigo, moja kila mkono.

"Jamani, mashoto amefariki!" Nelfi akaita kutoka barabarani.

"Mkono vipi leo?" nikauliza.

Anyelo akaweka ndoo chini. Akaukunja mkono wa kulia, akaunyoosha, akafikiri kwanza.

"Umechoka kidogo, Babu."

"Basi leo hakuna kurusha."

"Sawa," akasema, akachukua kijiko chake kwa mkono wa kulia.