Sisimizi na Breki ya Ajuza

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, mjukuu wangu hutoka uani kumpangusa Ajuza vumbi. Ajuza ni pikipiki ya mama yake, yaani binti yangu. Tulipoinunua ilikuwa imeshapita mikono mingi, na ukiiwasha inakohoa kwanza ndipo iitike, kama mimi tu. Lakini ndiyo inayotulisha. Binti yangu huifungia trei za mayai akayapeleka madukani, na njia yenyewe ina mteremko mkali unaoishia barabara kuu. Huo mteremko msiusahau.

Mjukuu tunamwita Sisimizi. Hajui kukaa, huyo. Hata akila, miguu inatembea.

Basi, ikafika siku ya kuamkia ukaguzi wa mwaka. Pikipiki isiyopita ukaguzi haiingii barabarani, na mayai nayo hayana miguu. Kila mtu akapewa kazi. Fundi jirani alikaza mnyororo na kuupaka mafuta, akabadilisha taa ya nyuma, akajaribu honi mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilipewa kazi ya kukaa nisimsumbue mtu. Sisimizi akaambiwa aoshe.

"Maji na sabuni tu," mama yake alimwambia. "Usiongeze lako."

"Sawa, mama."

Aliosha vizuri, sina ugomvi. Shida ilikuja na binamu yake, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Mimi hapo usingizi ulikuwa umenipitia. Haya alinisimulia Redio mwenyewe baadaye, wala sikumuuliza.

Redio alichuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, akanyooshea kidole ile sahani ya chuma inayobanwa na breki. Maji yalikuwa yameanza kuitia kutu kidogo.

"Mkaguzi akiona hii, mnarudishwa nyumbani."

"Acha uongo wako."

"Haya. Mimi simo."

Sisimizi akaitazama ile kutu, ikamkera. Akachukua tambara la fundi, lile la kupakia mnyororo mafuta, akasugua sahani pande zote mbili mpaka ikang'aa kama kioo. Watoto wakaridhika. Wakaamua kumsogeza Ajuza kivulini, Redio anasukuma, Sisimizi kashika usukani. Walipokaribia pipa la maji, Sisimizi akabana breki.

Ajuza hakusimama. Alikwenda taratibu tu, kama mgeni anayejua njia, akaligonga pipa likamwagika. Maji yalifika mpaka kwenye viatu vyangu, ndipo nikaamka, nikadhani ni ya kuoshea tu.

Wakaiosha sahani kwa sabuni, wakajaribu tena. Bado inateleza.

"Nyamaza tu," Redio akanong'ona. "Wakiuliza, tunasema ni uzee. Si anaitwa Ajuza?"

"Na mama je?"

"Mama yako ana breki ya nyuma."

Hawajamaliza, binti yangu akatoka ndani na helmeti mkononi. Alikuwa anakwenda kujaza petroli ili asubuhi asichelewe. Na kituo cha petroli kiko wapi? Chini ya mteremko. Akavaa helmeti, akakaa, akatia ufunguo. Redio akajifanya anaangalia kuku. Sisimizi alisimama pale mikono inadondosha povu, kisha akaenda kusimama mbele ya gurudumu.

"Mama, usiende."

"Toka njiani, jua linazama."

"Breki ya mbele haishiki. Nimeipaka mafuta. Nilitaka kutoa kutu."

Binti yangu alishuka. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Kamwite fundi."

Fundi alikuja, akainama, akanusa. "Ala, bibi mmempaka mafuta ya harusini." Akafungua na kutoa pedi, vile vipande viwili vinavyobana sahani. "Hivi vimeshakunywa mafuta, na vikishakunywa havitapiki. Kutu ile ya maji, mwanangu, ingetoka yenyewe ukibana breki mara chache."

Akatia pedi mpya. Sisimizi akapewa kitambaa safi chenye petroli, akafuta ile sahani mpaka fundi akasema basi. Wakajaribu tena. Redio akasukuma kwa nguvu zake zote, Sisimizi akabana, na Ajuza akasimama papo hapo. Kidevu cha Redio kikakutana na kiti. Alinyamaza hadi chakula cha jioni, nasi tukapumzika.

Kesho yake mkaguzi aliwasha taa, akapiga honi, akabana breki moja moja na kumzunguka Ajuza mara mbili. Bomba la moshi lilikuwa na kutu tele. Sisimizi aliiona, akashika pumzi. Mkaguzi naye aliiona, akaipita kama haipo. Ajuza akafaulu.

Nyumbani, binti yangu alimkalisha mwanawe kando yangu. Alikaa kweli, siku hiyo.

"Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," nikaanza.

"Baba, ngoja kwanza," binti yangu akanikata, kisha akamgeukia mwanawe. "Nilikwambia maji na sabuni tu, wewe ukaongeza lako. Hilo ni kosa, lakini fundi amelitengeneza. Ungenyamaza nikashuka ule mteremko, hilo lisingekuwa na fundi. Ukiharibu kitu, sema kabla mtu hajakipanda."

Sisimizi akaitika. Kisha akainuka, akalichukua lile tambara la mafuta, akalitundika kwenye msumari ukutani, mbali kabisa na ndoo ya kuoshea. Liko huko mpaka leo, na Redio haruhusiwi kulisogelea.