Subiri Kidogo

Kila asubuhi, wakishamaliza kufagia, wanafunzi wa darasa la sita walikizunguka kishikwambi cha shule mezani kwa Mwalimu na kukiuliza maswali kwa zamu. Kilijibu kwa sauti ya mwanamke, safi na ya upole. Ila kila kilipokuwa kikitafuta jibu, kilisema, "Subiri kidogo," na hapo sauti ilikwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Darasa zima lilikohoa kwa kuigiza. Walikuwa wamekibandika jina: Bibi Kikohozi.

Mdadisi, msichana aliyeitwa hivyo kwa maswali yake yasiyoisha, siku hiyo hakukohoa. Aliinama akatega sikio.

"Mwalimu, hii ni sauti ya shangazi yangu!"

"Na mjomba wangu ni redio!" alidakia Domo, mchekeshaji wa darasa. Vicheko vikalipuka.

"Haki ya Mungu, ni yeye!"

"Usiape ovyo," alisema Mwalimu. "Kama ni kweli, kesho mlete tumsikie. Kama si kweli, utawaomba wenzako radhi kwa kuwadanganya."

Mdadisi alirudi nyumbani roho juu. Shangazi hakuwa tena na sauti ile safi. Tangu mwaka uliopita alizungumza kwa sauti iliyokauka. Nani angeamini?

Alimkuta jikoni akikoroga mboga.

"Shangazi, uliwahi kuingia ndani ya kishikwambi?"

"Nipenye wapi, mwanangu, na mwili huu?" Shangazi alicheka. Lakini aliposikia habari za "subiri kidogo", aliweka mwiko chini.

"Kumbe waliiacha vilevile!"

"Nani?"

"Wale niliowasomea sentensi wakirekodi sauti yangu. Tulifungiwa chumbani, madirisha yamezibwa, feni imezimwa ili isisikike. Tulisoma kutwa nzima. Koo liliponikauka, nikaomba maji. Msimamizi akasema, 'Subiri kidogo.' Na sentensi iliyofuata ya kusoma ilikuwa hiyohiyo."

"Halafu?"

"Sauti ilipoisha, na kazi ikaisha. Hawakuniambia sauti yangu ingepelekwa wapi."

Jioni hiyo, kabla ya kula, Shangazi aliomba: "Ee Mungu, wabariki waliolima, waliopika, na wale ambao jasho lao hatukuliona." Mdadisi alisema amina kwa nguvu kuliko siku zote.

Kesho yake Shangazi alisimama mbele ya darasa. "Hamjambo, wanangu?"

Domo alimnong'oneza jirani yake, "Sauti yenyewe ndiyo hiyo? Si afadhali chura!"

Shangazi alisikia, akatabasamu. "Haya, bwana mkubwa, hebu kiulize swali."

Domo akauliza kwa nini mbingu ni za bluu.

"Subiri kidogo," kishikwambi kilisema.

"Subiri kidogo," Shangazi alisema.

Mkwaruzo uleule, mahali palepale. Hakuna aliyekohoa. Shangazi akawasimulia habari za kile chumba.

"Na maji walikupa?" aliuliza Mdadisi.

"Walinipa, mama. Sauti ilipokwisha kunitoka."

Domo aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya maji nyuma ya darasa, akarudi na kikombe kilichojaa pomoni.

"Shikamoo, Shangazi. Nisamehe."

"Marahaba, baba. Yamekwisha." Shangazi akayanywa yote.

Mwalimu alimshika Mdadisi bega. "Hukudanganya, binti yangu. Sisi ndio hatukuuliza. Mimi nilidhani kifaa hiki kinajisemea chenyewe. Kumbe kuna mtu ameachwa na kiu ili kiseme. Wanangu, kitu kikiwarahisishia kazi, ulizeni kazi hiyo imemwangukia nani, na kama alitendewa haki."

"Hata mimi na wenzangu tunauliza," alisema Shangazi. "Tumekwenda kwenye chama cha wafanyakazi. Safari hii hatunyamazi."

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Mdadisi kuuliza.

"Subiri kidogo," kishikwambi kilisema, kwa mkwaruzo wake.

Darasa zima likasubiri, kimya.