Taji Iliyouliza Mara Tatu

Salamu kwenu, mama na baba, na nyinyi wadogo muliokaa karibu na mulango. Mufunge redio. Na ule mutoto anayelia, mupeni titi. Mi nasoma pole pole, nikikatizwa napoteza musitari. Muniazime kimya chenu kidogo tu. Nikimaliza nitawarudishia, na mutajua juu ya nini.

Hii ilikuwa hapa hapa Bujumbura, vita yetu ikiwa bado haijazeeka hivi, ile miaka ya embargo, majirani wametufungia mipaka. Sukari ilikuwa ya kutafuta. Essence ya magari ilikuwa ya chupa. Na mutoto mumoja wa mutaa wa Buyenzi, jina lake Saliha, alikuwa anaolewa Jumapili na Tajudini, fundi wa magari.

Saliha alikaa na mama yake, Sikuzani. Wawili tu. Baba yake, Rachid, aliitwa jioni moja mulangoni. Sauti ilimuita vizuri, kwa heshima, kama jirani. Rachid akauliza, "Ni nani?" Sauti ikajibu, "Ni mimi." Akafungua. Rachid alikuwa na muguu wa kushoto mubaya, aliuburuta akitembea, na bibi yake na mutoto walisikia ndara zake zikienda kwenye barabara, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka zikanyamaza. Hakurudi. Hata mwili haukuonekana.

Tangu ile jioni Sikuzani alimufundisha mutoto wake kitu kimoja.

"Ukiitwa na sauti usiyoijua, nyamaza. Usiseme ndiyo, usiseme apana. Nyamaza mpaka iende."

Na kweli, katika ile miaka kunyamaza kuliwaokoa zaidi ya mara moja.

Siku ya Alhamisi Saliha alienda mutaa wa maduka, Asiatique, kuchagua taji ya arusi. Alienda na Bella, rafiki yake wa shule, mutoto wa mutaa wa Gihosha, Mukristo, mudomo haufungi. Waliingia kwa Mama Khadidja, yule anayekodisha mavazi ya mabibi arusi.

"Eh, bibi arusi wetu! Ingia, mwanangu. Lakini usiniombe vipya. Embargo imekula vipya vyote."

Akatoa taji ya kwanza. Ndogo.

"Hii ni ya mutoto wa komunyo," Bella akasema.

Ya pili ilikuwa imepoteza shanga upande mumoja.

"Na hii imetoka vitani."

"We musichana, umekuja kuchagua ao kunifungia duka?" Mama Khadidja akacheka, akaingia chumba cha nyuma. Alikawia. Alirudi na boksi nyeupe, na sasa alikuwa hacheki, alikuwa anaiangalia ile boksi kama mutu anayetafuta jina la mugeni.

"Ilikuwa chini kabisa, chini ya mapazia. Sijui niliinunua lini."

Ilikuwa taji ya lulu ndogo ndogo, nyeupe kama meno, na shela imeshonwa nyuma, ndefu. Saliha akaivaa. Akaitoa haraka.

"Iko ya moto."

"Ya moto namna gani?"

"Kama kuna mutu ameivua sasa hivi."

"Ni jua," Bella akasema. Lakini katika kile chumba cha nyuma jua lilikuwa haliingii.

Saliha akaivaa tena. Ilimukaa kama alipimwa. Bella akapiga makofi.

"Jumapili ni yako, chérie! Sasa nieleze. Ni kweli kwenu bibi arusi hasemi kitu?"

"Wanaume wanakuja kwenye pazia. Wanauliza kama nimekubali. Wanauliza mara tatu. Ninanyamaza."

"Unanyamaza tu?"

"Ninaona haya. Kunyamaza ndiyo kukubali."

"Mama weee! Mi siku yangu nitasema 'oui' mpaka padri azibe masikio."

Walicheka wote watatu. Kisha Bella na Mama Khadidja wakaenda mbele ya duka kutafuta pini. Saliha akabaki peke yake mbele ya kioo.

Harufu ndiyo ilikuja kwanza. Udi, na chini ya udi, udongo. Udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi. Kisha sauti ya mwanaume karibu na sikio lake, ya heshima, ya pole.

"Umekubali?"

Saliha akaangalia kwenye kioo. Nyuma yake kulikuwa nguo zimetundikwa, na hakuna mutu. Lakini shela, upande wa kulia, ilikuwa inajaa na kupungua, inajaa na kupungua, kama kuna mudomo unapumua ndani yake.

Akafanya kile mama yake alichomufundisha. Alinyamaza.

"Moja," sauti ikasema, na ilikuwa imefurahi.

Bella aliporudi alimukuta amekaa chini, taji mapajani. "Umechagua?" Saliha angesema nini? Kwamba duka linaongea? Arusi ilikuwa Jumapili. Zile zingine mbili zilikuwa za kuchekesha watu. Akajiambia ni njaa, ni wasiwasi, ni joto. Na Mama Khadidja alikuwa ameshaifunga kwenye boksi, anaisukuma, kama mutu anayefurahi kitu kimetoka nyumbani kwake.

Ijumaa wanawake walikuja kumupaka hina, mikono mpaka viwiko, miguu mpaka vifundo. Walienda mapema juu ya couvre-feu, usiku hakuna ruhusa ya kutembea. Saliha akabaki chumbani, amenyoosha mikono kwenye mito, hina bado mbichi. Ndiyo hapo courant ilipokatika, taa zikazima. Mama yake alikuwa salon, kile chumba cha wageni, anaswali magharibi. Saliha aliisikia sauti yake ikisoma upande wa pili wa ukuta, na akasema moyoni, mama iko karibu.

Boksi ilikuwa juu ya kabati. Alisikia kifuniko kikisogea, kidogo, kama mutu hataki kuamusha mutoto, halafu karatasi ya ndani ikapapaswa na vidole, chara, chara, halafu ile harufu ya udongo ikashuka kutoka juu ya kabati ikajaa chumba mpaka akaisikia kwenye ulimi, na yeye alikuwa hawezi kusimama juu ya hina ya miguu, hawezi kushika kitasa juu ya hina ya mikono, hawezi hata kuziba masikio yake mwenyewe, amekaa tu mikono imefunguka kama mutu anayepokea zawadi, na kitanda kikabonyea pembeni yake, pole pole, kama mutu muzito amekaa.

"Umekubali?"

Akauma mudomo. Akanyamaza.

"Mbili."

Kitanda kikainuka.

Mama yake alipoingia na mushumaa, aliiona kabla ya kuona machozi. Katikati ya kiganja cha kulia, juu ya maua ya hina, kulikuwa alama ya kidole. Kinene. Kimebonyeza mpaka kwenye ngozi.

"Nani amekushika?" Sikuzani aliuliza kwa munong'ono.

Saliha akamueleza yote, ya duka na ya chumba.

"Ulijibu?"

"Apana, mama. Nilinyamaza, kama ulivyonifundisha."

Sikuzani akaweka mushumaa chini.

"Ee Mungu wangu. Bibi arusi akinyamaza amekubali."

Jumamosi, couvre-feu ilipoisha tu, walikuwa kwa Mwalimu Atumani, yule anayefundisha watoto Kurani na kusomea wagonjwa. Aliiangalia ile boksi bila kuigusa. Akakiangalia kiganja muda mrefu.

"Tuichome," Sikuzani akasema.

"Ukiichoma, swali linabaki. Huyu ameuliza mara mbili. Ya tatu atauliza, hata mutoto akiwa kichwa tupu. Na akinyamaza ya tatu, Tajudini ataoa nguo tu. Mwenye nguo atakuwa bibi ya mwingine."

"Nifanye nini?" Saliha akauliza.

"Umujibu. Sema apana. Usikike."

"Na kama ni baba mudogo Mohamadi anauliza? Juu baba hayuko, yeye ndiye ananioza. Wanaume wote watasikia nimemukataa Tajudini! Ataondoka na haya yake na hatarudi."

Mwalimu akashika ndevu.

"Mohamadi atataja jina la bwana arusi. Ni lazima, ndiyo ndoa yenyewe. Huyu mwingine hawezi, jina la bwana arusi linamuchoma mudomo. We usisikilize sauti, mwanangu. Sauti, hawa wasioonekana wanaiiba. Sikiliza jina. Hakuna jina, sema apana. Na uivae hiyo taji, aje mahali watu wamejaa." Akamugeukia Sikuzani. "Ikiisha, mama, we mwenyewe utaitia jiwe na kuitupa ziwani, mbele ya jua kushuka. Usimutume mutu."

"Nitaitupa," Sikuzani akasema.

Jumapili, arusi ilikuwa ya muchana, kama arusi zote za ile miaka. Wanaume walijaa uwanja chini ya hema. Wanawake walijaa chumba, marashi, jasho, vitenge vipya, Bella katikati amefunga kilemba upande upande na kila mutu anamucheka. Saliha alikaa kwenye mukeka, taji kichwani, shela usoni. Mama yake alimushika mukono. Nje, shehe alisoma hutuba. Kisha mutu mumoja akasema "Shii," na chumba chote kikanyamaza, juu ya kungojea walio na kazi ya kuuliza.

Harufu ikapanda kwenye mukeka.

Halafu nje ya pazia, kwenye koridoo, zikaja ndara. Kwaru. Kwaru. Sikuzani aliinua kichwa kabla ya Saliha. Kwaru. Zilikuja pole pole, ya kulia inakanyaga, ya kushoto inaburuta, zikasimama nyuma ya pazia, na pazia ikajaa na kupungua, inajaa na kupungua, na wanawake wote wameinamisha kichwa kwa heshima juu waliona ni muzee wa ukoo, na sauti iliyotoka pale ilikuwa ile iliyomubembeleza Saliha akiwa na surua, ile iliyomufundisha kuhesabu, ile aliyoingojea kila jioni akiwa amenyamaza gizani na mukono wa mama yake kwenye mudomo.

"Saliha, mwanangu. Ni mimi."

Machozi yakamuanguka chini ya shela.

"Nimekuja kukuoza. Umekubali?"

Akangojea jina. Jina halikuja. Na baba ndiye mwenye haki ya kuuliza, kila mutu anajua, na mutoto gani atamukatalia baba aliyerudi? Mudomo wake ukafunguka, na kucha za mama yake zikaingia kwenye mukono wake.

"Usijibu," Sikuzani akanong'ona. "Ngoja kidogo, mutoto wangu. Aseme tena. Aseme tena kidogo tu."

Saliha akamuangalia mama yake. Hajapata kuona uso kama ule.

"Apana," akasema. Haikutoka, ilikuwa hewa tu. Nyuma ya pazia mutu akavuta pumzi, tayari kuhesabu.

"Apana!" Saliha akapiga kelele. "Apana! Sikukubali!"

Pazia ikanyonywa nje kama kuna mulango umefunguliwa pangoni. Taji ikamuchoma paji la uso, halafu ikapoa, baridi kama kijiko. Kwenye koridoo hakukuwa mutu. Kulikuwa udongo mubichi kidogo, sakafuni.

Nje, wanaume wakaanza kuguna. Sauti ya Mohamadi ikasikika kutoka uwanjani:

"Astaghfirullah! Mutoto amekataa nini? Mi hata sijafika kwenye pazia!"

"Basi fika, baba!" Bella akapiga kelele. "Fika upesi!"

Mohamadi akaja mbio, anakohoa kikohozi chake cha tumbaku, mashahidi wawili nyuma.

"Saliha binti Rachid, ninakuoza kwa Tajudini bin Ramazani. Umekubali?"

"Ndiyo!" Saliha akajibu, mara moja. "Ndiyo, baba mudogo! Nimemukubali Tajudini!"

Chumba kikashituka. Bibi mumoja akasema, "Watoto wa siku hizi, haya wameiuza." Halafu mutu akacheka, na vigelegele vikapanda, na uwanjani Tajudini alisikika akicheka kuliko wote.

Mbele ya couvre-feu bibi arusi alikuwa kwa bwana wake. Taji ilirudi kwenye boksi. Jiwe liliwekwa juu ya boksi. Sikuzani alibaki peke yake nyumbani, na ziwa haliko mbali.

"Mama, uliitupa?" Saliha akamuuliza ile wiki.

"Niliitupa."

Jirani ndio walianza kusema. Kwamba wakipita pale magharibi wanasikia ndara, kwaru, kwaru, ndani, si nje. Kwamba kuna harufu. Saliha akaenda jioni moja bila kusema. Mulango haukufungwa. Mama yake alikuwa amekaa salon gizani, mikono imefunguka mapajani, hina mbichi mpaka viwiko, na kichwani, juu ya mvi zake, taji.

"Mama. Mama, sema apana. Nakuomba."

Sikuzani akaweka kidole kwenye mudomo, hina ikamupaka.

"Shii," akasema. "Anauliza."

Basi. Ni hapo karatasi inaisha. Couvre-feu imekaribia na mi nakaa mbali, naenda. Kimya chenu hiki hapa, nawarudishia, sikukiharibu. Nitarudi. Siku nikirudi nitapiga mulango, nitasema jina langu na jina la baba yangu, yote mawili. Lakini mukisikia sauti yangu, hii hii munayoisikia sasa, inasema tu "ni mimi", musifungue. Na musinyamaze.