Cheti Kirefu cha Noreen

Kila Alhamisi Noreen Tansey alikula chakula cha mchana katika kituo cha wazee wa Kiayalandi, mjini Coventry. Walikula nyama ya nguruwe, kabichi na viazi. Kisha wakanywa chai na kuteta. Aliyeongoza mateto hayo alikuwa bibi mmoja aitwaye Attracta, ulimi wake wembe. Noreen alicheka pamoja na wenzake, lakini moyoni alimwogopa.

Alhamisi moja hakwenda. Gemma, binti yake, alikuja nyumbani na bahasha mkononi, tumbo la miezi mitano limemtangulia.

"Mama, wameturudishia maombi ya uraia. Cheti chako cha kuzaliwa hawakitaki."

"Kina kasoro gani?"

"Ni kile kifupi. Hakina majina ya wazazi. Watajuaje kwamba wewe ni mtoto wa Nana? Wanataka kirefu."

Noreen aliinuka kuchemsha maji, ingawa birika lilikuwa bado la moto.

Nana ni Nuala, mama yake Noreen, aliyezaliwa Mayo, Ayalandi. Tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, Gemma alitaka uraia wa Ayalandi kupitia kwa bibi yake. Alitaka mwanawe aje kuishi na kufanya kazi nchi yoyote ya Umoja bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Kirefu kilipotea tulipohama," Noreen alisema.

"Basi tuagize kingine. Ofisi ya vizazi wanatoa, si hela nyingi."

"Mnajisumbua bure. Pasipoti ya Uingereza imewakosea nini?"

"Mama!"

"Nimesema kimepotea. Yaishe."

Gemma aliondoka bila kumaliza chai. Noreen alibaki ameketi, uso unamwaka.

Kupotea wapi! Hakuwahi kukitaka. Nuala alifika Coventry msichana, peke yake, na mimba. Kwenye cheti kirefu cha mtoto, mahali pa baba paliachwa patupu. Zama hizo mtoto asiye na baba alinyooshewa kidole, ndiyo maana serikali ikatoa na cheti kifupi, kisichotaja wazazi. Nuala akakipokea kwa mikono miwili. Akanunua pete sokoni, akajiita mjane. Noreen alipokua, akatia chumvi: baba yake alikuwa askari, akafia vitani. Alimwambia hivyo mumewe, Mungu amrehemu. Alimwambia Gemma. Alimwambia hata Attracta.

Simu ikilia, hakupokea. Alhamisi iliyofuata hakwenda kituoni, na iliyofuata pia. Mwishowe Fidelma, mshauri wa pale kituoni, akaja kubisha hodi.

"Tumekukosa, Noreen. Unaumwa?"

"Mzima tu. Ingia." Noreen akamimina chai, akaikoroga, akakohoa. "Hivi, Fidelma... kuna jirani yangu mmoja."

"Enhe, jirani."

"Binti yake anaomba uraia kupitia kwa bibi. Sasa huyu jirani, cheti chake hakina jina la baba. Si watamkataa?"

"Wamkatae kwa lipi? Anayetazamwa ni bibi aliyezaliwa Ayalandi. Wanataka cheti cha kuzaliwa cha bibi, cha jirani yako na cha binti. Vyote virefu, vyote halisi, si nakala. Aliyeolewa aongeze cheti cha ndoa, kwa sababu jina hubadilika. Bibi akiwa amefariki, na cheti cha kifo. Baba asipotajwa, bibi habadiliki."

"Na jirani mwenyewe?"

"Huyo ni raia tangu azaliwe, kwa sababu mama yake alizaliwa kule. Anaomba pasipoti tu. Binti ndiye lazima aandikishwe kwenye daftari la waliozaliwa nje."

"Basi hakuna haraka."

"Binti ana mimba?"

Noreen akainamia kikombe chake.

"Basi haraka ipo, tena kubwa," Fidelma alisema kwa upole. "Uraia wake unaanza siku anayoandikwa, si siku aliyotuma maombi. Mtoto akizaliwa kabla, ameukosa kwa njia hiyo. Mwambie jirani yako waeleze kwamba binti ni mjamzito. Huenda wakaharakishiwa."

Fidelma alipokwenda, Noreen alilia. Aibu ilimshika upya, ila hii ilikuwa nyingine. Nuala alisugua sakafu za hospitali akamlea peke yake, naye maisha yote amemwonea haya mama wa namna ile. Hata kwenye jiwe la kaburi alichongesha neno "mjane." Na sasa mtoto ambaye hajazaliwa ndiye atalipia uongo wao! Akapiga simu.

"Gemma, babu yako hakuwa askari. Simjui ni nani. Nana hakuolewa kamwe."

Gemma akasema, "Nilimsimulia huyo askari shuleni, Mama. Mbele ya darasa zima."

"Najua, mwanangu. Niliona haya. Nisamehe."

"Umwonee haya Nana? Mimi na Callum wangu tumefunga ndoa lini, na mimba hii?"

Noreen alicheka huku machozi yanamtiririka. Kesho yake waliagiza cheti kirefu. Walituma maombi upya, pamoja na barua ya mkunga. Jina la Gemma liliandikwa daftarini mtoto akiwa bado tumboni. Akazaliwa msichana, raia tangu pumzi ya kwanza.

Alhamisi Noreen alipeleka picha zake kituoni.

"Mzuri huyu!" Attracta alisema. "Yule baba yako askari angekuwepo, angemfurahia kitukuu wake."

Noreen aliweka kisu chini.

"Hakukuwa na askari, Attracta. Mama alikuja hapa peke yake, na mimba yangu. Cheti changu cha kuzaliwa hakina baba. Nimewadanganya miaka yote."

Noreen akangoja ulimi ule wa wembe. Attracta alikunja kitambaa chake cha kupangusia mikono, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akamsogelea Noreen sikioni.

"Na mimi nina kile kifupi, mwenzangu," alinong'ona. "Hicho kirefu kinaagizwa wapi?"