Breki ya Mkono wa Kulia

Kila asubuhi saa mbili kasorobo Mama Lieve alianika jezi za vijana wake watatu nyuma ya nyumba, huku akisikia baiskeli zao zikiteremka kuelekea daraja la mfereji. Ijumaa ile alikuwa ameshika kibanio cha pili aliposikia kishindo cha chuma. Pakawa kimya. Kisha Rewi, mmoja wao, akaita jina moja tu.

"Cathal!"

Inspekta Liesbet Craeynest alifika gari la wagonjwa likiwa limeshaondoka. Baiskeli ilikuwa imejikunja kwenye ukingo wa daraja. Stijn, mtaalamu wa uchunguzi, alifunua mpira wa kishikio cha breki cha kulia na kumulika ndani.

"Waya umekatwa kwa koleo," alisema. "Zimeachwa nyuzi chache zishikilie. Alipobana kwa nguvu, zikaachia."

"Alama za vidole?"

"Alivaa glavu."

"Ni breki ya gurudumu lipi?"

"La mbele. Kwenye mteremko wenye unyevu kama huu, bila hiyo husimami."

Mtu huyu alitaka kuua, Liesbet aliwaza. Hospitali ilipiga simu: nyonga imevunjika, kichwa kimeumia, kijana hajazinduka.

Banda la baiskeli lilikuwa na kufuli, na funguo walikuwa nazo wakazi wa nyumba peke yao: Mama Lieve, mjane wa miaka sitini na minane, na wapangaji wake, waendeshaji baiskeli wa ridhaa waliokuja Flanders kushindana msimu mzima. Cathal alitoka Ireland, Rewi New Zealand, Everett Canada.

Rewi alihojiwa kwanza, sebuleni.

"Uligombana na Cathal?"

"Kila siku. Anamaliza maji ya moto, halafu anaimba humo humo bafuni."

"Ungeweza kumkatia breki?"

"Ningemkatia maji, Afande." Akainamisha kichwa. "Samahani. Ni rafiki yangu."

Liesbet akamwonyesha picha ya waya. "Kwa nini akate huku juu, asikate kule kwenye gurudumu?"

"Kule tungeona. Kila jioni tunaosha baiskeli." Aliitazama picha tena. "Amekata kulia?"

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Mimi na Cathal breki ya mbele iko kulia. Kwetu ndivyo zinavyofungwa. Zenu ziko kinyume. Kulia kwenu ni ya nyuma." Alisita. "Na Everett ni kama nyinyi."

"Hajui kwamba zenu ni tofauti?"

"Baiskeli ya mwenzio huigusi. Na Cathal ana wiki tano tu hapa."

Liesbet akaenda jikoni. Ukutani zilipangwa picha za mashindano. Misimu mitatu mfululizo Mama Lieve alisimama kwenye kona ileile akimnyooshea Everett chupa ya maji. Katika picha mpya kabisa, aliyenyooshewa chupa ni Cathal.

"Wengine huwapi?"

"Bega hili halinyanyuki, binti yangu," Mama Lieve alisema. "Kila Jumapili naweza kumpa mmoja tu." Akachukua beseni, akatoka kwenda kuanua nguo.

Everett Thiessen aliletwa, akaketi. Uji wake wa shayiri ulikuwa umeganda kwenye bakuli.

"Keshokutwa mnashindana?"

"Hapa hapa kijijini."

"Mtu akitaka kumchelewesha mwenzake tu, bila kumuumiza, aharibu breki ipi?"

"Ya nyuma. Unaogopa kona, wanakuacha, unarudi nyumbani. Basi."

"Mkono upi?"

"Kulia." Hakufikiri hata kidogo.

"Ya Cathal, kulia ni ya mbele."

Everett alitabasamu kama mtu anayemrekebisha mgeni. "Hapana, Afande."

"Kwao ndiyo. Rewi atakuonyesha ya kwake."

Tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe. Akaigeuza mikono yake juu ya meza, wa kushoto, kisha wa kulia.

"Ya mbele?" alisema. "Mimi nilikata ya nyuma."

Liesbet hakuandika mara moja. Alimpa nafasi asikie mwenyewe alichosema.

"Lini?"

"Jana, walipokuwa wanakula. Nilidhani itashika mpaka Jumapili. Leo aliponipita akicheka sikumwonya, nilijua ni ya nyuma tu. Waliposema breki, nikajiambia si ile. Lazima iwe nyingine."

"Kwa nini, Everett?"

"Alikuwa ananishinda."

"Cathal hajakushinda hata mara moja. Nimesoma matokeo."

Mama Lieve alikuwa amesimama mlangoni na beseni la jezi, moja ikiwa ya Cathal.

"Chupa nilimpa yeye kwa sababu kila Jumapili anaachwa nyuma," alisema taratibu. "Alikuwa analia barabarani, mwanangu. Wewe ulishakomaa. Nilidhani huhitaji tena."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza."

Liesbet akatoa pingu, akaziweka mezani bila kuzifungua. Everett alizitazama, halafu akamtazama mama yule kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Maji nilikuwa nayo, Mama. Chupa mbili kwenye baiskeli, kila mara," alisema. "Nilitaka uwe unanisubiri mimi."